Isaka Gona Ruwa, Mshika Bendera wa Barabara ya Port Reitz

Wazee wa kanisa, jamaa wa Rabai na Ribe, majirani wa Changamwe, nanyi mliovuka feri kutoka Likoni tangu alfajiri, familia inawapa mkono wa ahsante kabla ya jambo lolote, kwa sababu mkishasikia yatakayosomwa huenda baadhi yenu msiutake tena mkono huo. Haya ni maisha ya Isaka Gona Ruwa, yanayosomwa mbele ya jeneza lake leo Jumamosi, tarehe 12 Februari 1949, nayo yameandikwa yote, pamoja na yale ambayo tuliombwa tuyaache.

Marehemu alizaliwa Rabai, mtoto wa pili wa Mzee Ruwa na Mama Kaviha, ambao wote wamemtangulia. Cheti chake cha ubatizo kinasema alizaliwa tarehe 3 Mei 1911, lakini mamake alishikilia mpaka kufa kwake kwamba Wagiriama walipopigana na Waingereza mtoto huyu alikuwa tayari akichunga mbuzi, na mbuzi hawachungwi na mtoto wa miaka mitatu, kwa hivyo aliyekijaza cheti alikadiria, kama watu wa ofisi wanavyokadiria umri wa mtu mweusi, nasi tunaipokea tarehe hiyo kwa heshima ya karatasi.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Rabai mwezi wa Januari 1921, akasoma kwa bidii hadi darasa la nne, na mnamo Novemba 1925 aliacha shule kwa sababu babake, aliyekuwa mgema, alianguka kutoka juu ya mnazi akiwa amekwisha kuionja kazi yake mwenyewe. Gona alimpokea babake chini ya mnazi ule, na siku ya mazishi akamwambia mamake kwamba tembo halitapita kinywani mwake. Ahadi za mazikoni twazijua, wengi huzitoa na kabla ya arobaini wamezisahau, lakini huyu hakuisahau, na katika umri wake wote hapakuwa na harusi, mavuno wala msiba uliomfanya aonje.

Katika miaka hiyo ya utotoni alikuwa akicheza na Kefa, ambaye ninyi nyote mnamjua, na ambaye tunamtaja mapema kwa kuwa hatuwezi kumkwepa. Ukoo wa Gona na ukoo wa Kefa ni watani tangu mababu, na wageni waliopo hapa wafahamu kwamba kwetu mtani hukuchukulia kuku wako mchana kweupe, hukutukana mbele ya mkweo, nawe unacheka na kumrudishia tusi lililo bora zaidi, na mmoja akifa, mwenzake ndiye humchimbia kaburi. Mtani hakasirikiwi wala hashtakiwi. Ndiyo sheria, nayo ni nzuri, ilitungwa na watu waliotembea kwa miguu.

Mwaka wa 1928 marehemu alihamia Changamwe kutafuta kazi, akapasua mawe ya matumbawe kwa miaka mitano, na tarehe 6 Machi 1933 akaandikwa katika gengi la vibarua wa barabara, kazi aliyoifanya mpaka siku aliyoumia. Tarehe 24 Agosti 1935 alifunga ndoa takatifu huko Ribe na Bi Mapenzi binti Karisa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Selpher aliyezaliwa mwaka 1936, Ruwa aliyezaliwa mwaka 1939 akapewa jina la babu yake, na Florence aliyezaliwa mwaka 1945 akapewa jina la mkunga, kwa kuwa mkunga alikataa kuondoka mpaka apewe mtoto wa jina lake. Alikuwa mume asiyepiga kelele, baba aliyejua kusuka nywele za binti zake, na mwimbaji wa kanisani ambaye siku zote alimaliza ubeti baada ya wenzake.

Wakati wa vita, malori ya jeshi yalipozidi katika barabara ya kwenda kiwanja cha ndege cha Port Reitz, marehemu alikabidhiwa bendera nyekundu, mwezi wa Juni 1942. Kazi ya bendera watu huidharau, husema ni mshahara wa kusimama, lakini hao hawajaona lami ikimwagwa. Wanaomwaga lami hufanya kazi wameinama, wameyapa magari mgongo, mmoja anamimina lami ya moto na wengine wanamfuata mbio kwa kokoto na fagio, na lami haimngoji mtu ainue kichwa atazame anayekuja, basi gengi zima huazima macho ya mtu mmoja, naye ni mshika bendera. Kwa miaka sita hakuna mtu wa gengi lake aliyeguswa na gari, wala hakuna aliyewahi kumshukuru, maana ajali ambayo haikutokea haina shahidi.

Kefa alirudi kutoka vitani Bama, ng'ambo huko Asia, mwaka wa 1946, akiwa na kofia, filimbi ya kijeshi na leseni ya lori, baada ya kujifunza kuendesha mahali ambapo mtu akisimama barabarani haulizwi ana haja gani. Mkandarasi aliyekuwa akileta kokoto alimwajiri, na kuanzia mwanzo wa 1947 lori lake likawa linapita mbele ya bendera ya marehemu kutwa kucha. Ndipo mchezo ukaanza. Kefa akiiona bendera hakupunguza mwendo, aliongeza, akamlenga Gona kifuani huku honi inalia, na lori likikaribia kumgusa ndipo alipokanyaga breki, Gona akarukia mtaroni, na gengi likaegemea mafagio likicheka mpaka machozi.

"Ruka, chura wee!" Kefa alikuwa akimpigia kelele kutoka dirishani. "Ruka tena, hukuruka vizuri!"

"Nyani mkubwa! Nani alikupa usukani?" Gona alimjibu, kwa kuwa utani lazima ujibiwe, na huku anajipangusa magoti, akacheka pamoja nao.

Nyumbani hakucheka. Alimwambia mkewe kwamba siku hizi akisikia lori lolote hutafuta mtaro wa kurukia, hata akiwa kitandani, na Mapenzi akamjibu neno ambalo tunaliandika kama alivyolisema: "Mume wangu, mtani wako akutukane, akuibie kuku, akuvue kofia kanisani, mimi nitacheka. Lakini lori halina ukoo."

Basi marehemu akamwendea mnyapara wake, Bwana Mwidani, akamwomba kwa adabu amwambie Kefa aache.

"Aache nini?"

"Ule mchezo wa lori, bwana."

"Ah, Gona! Sasa unamshtaki mtani? Umeanza lini uzungu?" alisema Mwidani, na wenzake waliokuwa wakinywa chai wakacheka upya, wakamwita Bwana Mkubwa wiki nzima.

Angeweza kwenda kwa msimamizi Mzungu, na neno moja lingetosha Kefa aondolewe. Hakwenda. Alijiambia kwamba mtu anayempeleka mtani wake kwa Mzungu atakufa na kukosa wa kumzika, na kwamba watu hawa anaowalinda ni ndugu zake, siku ya siku watajua utani unakoishia. Hilo lilikuwa kosa lake, nasi hatulifichi, aliwaamini watu kwa sababu walicheka pamoja.

Siku ya Jumanne tarehe 14 Septemba 1948, asubuhi, gengi lilikuwa kwenye mteremko unaoelekea Port Reitz. Manyunyu yalikuwa yameanza, na Mwidani, akitaka kumaliza kipande kile kabla ya mvua, aliwasogeza watu sita mbele, wakawa wameinama hatua chache tu nyuma ya bendera. Kefa akatokea juu ya mteremko na mzigo wa kokoto. Akaiona bendera, akaongeza mwendo, akashika honi, na wale sita hawakuinua vichwa, walijua ni mchezo wa kila siku. Gona alitazama nyuma akaiona migongo yao, akajua kwamba safari hii akiruka, lori litakutana nao. Hakuruka. Alisimama anapunga bendera kwa mikono miwili akipiga kelele, "Kefa! Kuna watu! Kefa!" Kefa alikanyaga breki pale pale alipozoea kuikanyaga, lakini lami mbichi iliyolowa haijui utani, na lori likateleza, likamchukua Gona, likageuka naye kushoto na kuingiza pua mtaroni. Migongo sita ilirushiwa lami. Gona alivunjika nyonga na paja.

Alilazwa hospitali ya kisiwani hadi mwisho wa Novemba, na akiwa huko kesi ikasikizwa bila yeye. Yaliyotangulia kesi tumeyajua kwa Mwinyihaji wa Likoni, mmoja wa wale sita, aliyekuwa akila sahani moja na marehemu miaka kumi. Alituambia kwamba Mwidani aliwakusanya katika kibanda cha zana akawaeleza, "Gona keshavunjika, hilo la Mungu. Kefa akifungwa, tutaulizwa mbona alikuwa akicheza kila siku na sisi tukicheka, na hapo kazi itakwisha, yangu na yenu. Lakini mtu akiwa alilewa akajitupa barabarani, basi, hakuna wa kuulizwa." Watu watano walikubali. Wakaenda, wakaapa, wakasema mshika bendera alinuka tembo tangu alfajiri na alikuwa akipepesuka. Watu hao watano wana wake na watoto leo kwa sababu mtu huyo hakupepesuka. Kefa aliachiliwa.

Mwinyihaji hakusema kwamba alilewa. Alikwenda hospitali Ijumaa baada ya swala, na mkate wa mofa mkononi, akaketi kando ya kitanda, na marehemu, ambaye habari ilikuwa imekwisha kumfikia, akamwuliza swali moja.

"Mwinyihaji, mimi hunywa?"

"Hunywi, wallahi. Haya si maneno ya kuulizana."

"Ulimwambia hakimu?"

Mwinyihaji aliuweka mkate juu ya shuka. "Hakuniuliza, ndugu yangu. Aliniuliza niliona nini. Nikamwambia nilikuwa nimeinama, sikuona. Na kweli nilikuwa nimeinama."

Marehemu alimtazama akaona kwamba hakusema uwongo hata neno moja, na akamwambia mkewe baadaye kwamba uwongo wa wale watano ulimvunja kidogo kuliko ukweli wa yule mmoja. Mkate hakuula.

Wala hakujua kwamba yaliyobaki yangetoka kanisani. Mzee wa kanisa Elisha, aliyeimba naye miaka ishirini, alifika kitandani tarehe 15 Oktoba na Biblia kwapani, akamwambia, "Ndugu Isaka, mahakama imesema."

"Na wewe, Mzee Elisha, wasemaje? Umeniona kwenye harusi ngapi?"

"Mimi ni nani niipinge mahakama?"

Jumapili iliyofuata, tarehe 17 Oktoba 1948, lilisomwa kanisani, kwa kinywa cha Mzee Elisha, kwamba Isaka Gona Ruwa amewekwa nje ya Meza ya Bwana, asipokee mkate na divai, kwa miezi sita kwa dhambi ya ulevi. Mapenzi alikuwa ameketi benchi la tatu na watoto wake. Wale wa gengi walio washarika wetu walikuwa humo humo, na walipokea Meza asubuhi hiyo hiyo, tena kwa unyenyekevu mkubwa.

Marehemu alirudishwa nyumbani tarehe 29 Novemba, na tangu hapo hakusimama tena. Watu walidhani anataka fidia, wakamshauri habari za mawakili. Hakuitaka fidia. Alichotaka ni mtu mmoja, hata angekuwa mdogo kuliko wote, asimame siku ya Jumapili aseme, "Huyu hakunywa, tulidanganya," naye arudishiwe jina lake akiwa hai, kwa kuwa mwana wa mgema aliyekufa kwa tembo alikuwa amejenga kitu kimoja tu duniani, nacho ndicho walichokichukua. Kila Jumapili, ibada ikitoka, alimwambia Selpher afungue mlango, akasikiliza nyayo za wanaopita. Walipita. Wengine walipunguza sauti walipofika mbele ya nyumba, wakaipandisha tena mbele kidogo.

Mwezi wa Januari mfupa wa nyonga ulioza, homa ikaingia. Jumatatu tarehe 7 Februari, akijua kwamba safari imefika, aliomba aletewe Meza. Mzee Elisha alikuja, akasali vizuri sana, akaeleza kwa huzuni kwamba miezi sita ingetimia katikati ya Aprili, na kanuni ni kanuni. Marehemu alimshukuru kwa kuja. Jumatano tarehe 9 Februari 1949, saa mbili asubuhi, Isaka Gona Ruwa alifariki dunia nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono, na Aprili bado iko mbali.

Juzi tuliombwa tuandike kwamba amefariki baada ya kuugua, tuishie hapo, kwa kuwa mambo ya barabarani hayafai mbele ya kaburi, na marehemu aachwe apumzike na siri zake. Familia inajibu kwamba marehemu hakuwa na siri. Siri ni zenu, na tumechoka kuwatunzia.

Imebaki kueleza yaliyotokea jana alasiri katika ua huu, kwa sababu wengi hamkuwapo na mmeanza kusimuliwa vingine. Kefa alikuja na jembe begani, kama mtani anavyotakiwa, kuchimba kaburi. Vijana wa ukoo walitaka kumfukuza, na Mapenzi akasema, "Mwacheni, ana kazi yake." Na kwa kuwa desturi ni mtani kuvaa nguo ya marehemu na kumwigiza waliofiwa wacheke kidogo, Mapenzi aliingia ndani akatoka na shati la mumewe, akampa.

Kefa ana kipaji, Mungu alimpa, hatutamnyima. Alilivaa shati lile na Gona akawa ameingia uani. Alimwigiza akiimba macho yamefungwa, amebaki nyuma ya wote kwa ubeti mzima, alimwigiza akisuka nywele huku anaungua na chai, na watu wakacheka wakilia, hata Mzee Elisha akaweka kikombe chini. Ndipo bibi mmoja wa Rabai akapaza sauti, "Mpeni tembo! Mpeni tembo akatae!" Mtu akamnyooshea kata ya tembo, na Kefa, bila kufikiri, akaufunika mdomo wa kata kwa kiganja, akageuza uso pembeni kama anayesalimiwa na mdai, akasema kwa sauti ya Gona, ile ya puani, "Huyo na mimi tuliagana mazikoni kwa baba." Ua ulilipuka. Kila mtu alikuwa amewahi kumwona akifanya hivyo. Wale watano walikuwa wakipigana mapaja kwa kicheko, na Mwidani akasema, "Ndiye! Ndiye huyo huyo!"

Mapenzi akasimama.

"Ahsante, mtani," alisema. "Sasa tuigizie alivyokuwa akilewa."

Kicheko kilikatika kutoka mbele kwenda nyuma. Kefa aliinua mguu mmoja kama anayetaka kupepesuka, akaurudisha chini.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Sijui anavyolewa, shemeji. Sijapata kumwona."

Watu wote waliwatazama wale watano, na wale watano wakawatazama kuku. Mwinyihaji peke yake aliinua kichwa, kisha akainama tena. Kefa alilivua shati, akalikunja, akampa Mapenzi kwa mikono miwili. "Nisamehe," alisema.

"Kachimbe," alisema Mapenzi.

Akaenda akachimba. Kaburi mnaloliona ni kazi yake, alikataa kupokezwa, na limenyooka.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, na hasa muuguzi Pascalia, aliyeosha kidonda kile kila siku na hakuuliza hata mara moja kama mgonjwa alikuwa amelewa. Inamshukuru Bi Mwanasaumu, mkewe Mwinyihaji, aliyevuka feri kila Alhamisi kuja kumpikia mgonjwa uji, na alipoulizwa mumewe yuko wapi akajibu kwamba yeye amekuja. Inawashukuru majirani kwa maji, kuni na mikeka, na kwaya kwa nyimbo ambazo leo zitamalizwa kwa wakati. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa gengi la barabara, waliojitolea kulibeba jeneza, na tunawakubalia, mbebeni, mnadaiwa zaidi ya hapo lakini anzeni na hilo. Na tunamwomba Mzee Elisha jambo moja tu, kwamba kesho Jumapili tarehe 13, kinywa kilekile, mahali palepale, mbele ya benchi lilelile la tatu, kisome kwamba lililosomwa Oktoba halikuwa kweli. Asipolisoma neno hilo, tutasimama tulisome wenyewe, na tutafanya hivyo kila Jumapili mpaka Aprili ifike.

Ewe mwana wa Ruwa na Kaviha, mume wa Mapenzi, baba wa Selpher, wa Ruwa na wa Florence, ulisimama barabarani wengine wakiwa wameinama, na ulipolala hawakusimama. Lala sasa kwa amani. Hukulewa.